Kufunga muziki mwenyewe kwenye gari la zamani: anza na milango na waya, redio baadae

mleta uzi
Wakuu salama? Nimeona nifungue uzi kabisa maana maswali ni yale yale kila siku, nina gari la miaka ya 90, redio imekufa, spika zinakoroma, nifunge nini. Na majibu nayo ni yale yale, chukua redio ya skrini kubwa, tupia sabufa ya inchi 12 nyuma, kazi imeisha. Baadae jamaa anarudi analia muziki ni kelele tupu, milango inalia kama debe na asubuhi gari haliwaki.

Msimamo wangu uko hivi na najua kuna watakaonirushia mawe: kwenye gari la zamani redio ndo kitu cha mwisho kuwaza. Sauti unayoitafuta iko kwenye milango, kwenye spika za mbele na kwenye waya. Redio ya kawaida kabisa iliyofungwa kwenye gari lenye milango iliyoandaliwa inaifunika redio ya gharama iliyofungwa juu ya bati tupu.

Nitashusha kwa awamu, ulizeni humo humo.

Vifaa havitishi. Bisibisi, spana namba 10, plaiza ya kubania teminali, tepu, vibanio vya plastiki vya kufungia waya, na multimita. Kama huna multimita usianze, sitanii, kwenye gari la zamani rangi za waya zilishachezewa na watu watatu wanne kabla yako na kila mmoja aliunga anavyojua.

Kabla hujagusa kitu toa teminali ya hasi ya betri. Hasi kwanza. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi ni cheche, ukianza na hasi hata ikigusa hakuna kitu. Kurudisha ni kinyume chake, hasi inakuja mwisho. Kama redio iliyomo ni ile inayodai kodi (namba ya siri ya kuifungua) ukikata umeme na bado unaitaka, itafute hiyo kodi kabla hujatoa betri, sio baada. Na kama gari lina airbag, ukishatoa betri kaa pembeni dakika kadhaa ndo uguse dashibodi, na plagi za njano zinazoenda kwenye usukani usizipime na chochote, si multimita si taa ya kupimia.

besi_ya_chini
Nipo siti ya mbele. Ila hapo kwenye redio ni ya mwisho tutabishana, redio yangu imeandikwa 50W x 4, ya zamani ilikuwa haina hata nusu ya hiyo. Utaniambiaje redio haina maana?

mleta uzi
Mkuu sijasema haina maana, nimesema sio ya kwanza. Na hiyo 50W x 4 tuiweke sawa mapema ili tuendelee kwa amani.

Gari likiwa linawaka umeme unakuwa volti 14.4 hivi. Redio ya kawaida ndani yake haina kitu cha kupandisha volti, inatumia hizo hizo. Sasa ukipiga hesabu, volti 14.4 kwenye spika ya ohm 4 inagota kwenye wati 26 hivi kabla sauti haijaanza kukatwa kichwa. Hiyo ni kwenye karatasi, uhalisia ni wati 15 mpaka 22 kwa kila spika. Ile 50 ni ya kilele, wanaihesabu sauti ikiwa imeshaharibika. Kwa hiyo unapolinganisha vitu tafuta neno RMS, yaani wati za kweli za muda wote, namba nyingine zote ni mapambo ya boksi. Utaona spika imeandikwa 350W na chini kwa herufi za kusoma na miwani RMS 40.

Na habari njema ni kwamba wati 18 za kweli zinatosha kabisa kwa spika nzuri ya mlangoni yenye usikivu (inavyopaza sauti kwa umeme kidogo) wa desibeli 90 kwenda juu. Ukichukua yenye 86 au 87 utaikuta imelala, hiyo inataka ampli, kile kikuza sauti cha kufungwa peke yake.

mpya hapa
Samahanini wakuu naomba kuuliza kabla hamjafika mbali. Gari ni la Kijapani, redio iliyokuja nayo haishiki stesheni za juu, inaishia 90. Hapo tatizo ni antena?

mleta uzi
Antena haina shida hiyo, ni masafa ya redio. Japani FM yao inaanzia 76 MHz na kwa redio za zamani inaishia 90, wakati sehemu nyingi duniani ni 87.5 mpaka 108. Wengi huwa wanaweka kidude kwenye waya wa antena kinachozishusha stesheni zote ziingie kwenye masafa ya Kijapani. Sasa ukifunga redio mpya hakikisha hicho kidude umekitoa, kipo nyuma ya redio kiboksi kidogo kina waya wa umeme, usipokitoa redio mpya itakuwa inasoma stesheni kwenye namba za uongo.

Halafu pima tundu la dashibodi. Redio nyembamba ya kiwango cha DIN ni upana milimita 180 kwa kimo 50, ile ya mara mbili ni 180 kwa 100. Ila Toyota nyingi tundu lina upana wa 200, ukitumbukiza redio ya 180 zinabaki nafasi pembeni kulia na kushoto, zipo fremu maalum za kuziba, usijaze sponji tafadhali.

mzee wa spana
Vijana mnaenda vizuri. Mimi ni fundi umeme wa magari, naomba niweke moja kwa wenye magari ya zamani hasa.

Kuna magari spika zake hazina waya wa hasi unaorudi kwenye redio. Hasi ya spika imefungwa kwenye bodi, au spika za kushoto na kulia zinachangia waya mmoja wa hasi. Redio za leo kila spika inataka waya zake mbili peke yake, hasi ya spika sio ethi (hasi ya bodi ya gari), ina umeme ndani yake. Ukiunga redio ya leo kwenye waya za namna hiyo inajizima kujilinda ukiwa na bahati, ukikosa inaunguza IC (chipu) ya sauti siku hiyo hiyo. Pima, redio ikiwa imetolewa, weka multimita kwenye ohm, waya mmoja wa spika na bodi. Ikisoma ohm chache au ikilia basi waya hizo ziache, vuta mpya.

Na wale wa vyuma vya kale kabisa, angalia kama gari lako ni volti 12 kweli na kama hasi ndo iko kwenye bodi. Beetle nyingi za kabla ya 1967 ni volti 6, na magari kadhaa ya Uingereza ya miaka ya 50 na 60 chanya ndo iko kwenye bodi. Ukiweka redio ya kisasa humo bila kuangalia utasikia harufu kabla hujasikia muziki.

mleta uzi
Shikamoo mzee wangu, hapo umeniwahi. Binafsi nashauri kwenye gari lolote lililovuka miaka 20 uvute waya mpya za spika hata kama za zamani zinasoma vizuri. Zile za kiwandani ni nyembamba na plastiki yake imeshakauka, ukiikunja inapasuka. Kazi ngumu ni moja tu, kupitisha ule mpira unaounganisha mlango na bodi. Chukua kipande cha waya mgumu, funga waya wako na tepu, paka sabuni ya maji, sukuma pole pole. Usitoboe tundu jipya kwenye bati pembeni ya mpira, waya utakatwa na mlango siku moja na utakatwa ukiwa na umeme.

Sasa rangi za waya nyuma ya redio mpya, hizi karibu kampuni zote zinafuata. Njano ni umeme wa kudumu, huu ndo unatunza saa na stesheni. Nyekundu ni wa ufunguo, ACC, unaopata umeme ufunguo ukigeuzwa tu. Nyeusi ethi. Bluu antena, bluu yenye mstari mweupe kuamsha ampli. Chungwa mwanga wa taa ndogo. Spika: nyeupe mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia, yenye mstari mweusi ndo hasi. Hizo ni za redio lakini, upande wa gari usiamini rangi, pima. Weka multimita kwenye volti za DC, unaosoma 12 hata ufunguo umetoka huo ndo unaungana na njano, unaosoma 12 ufunguo ukiwa ACC tu ndo wa nyekundu.

VW na ndugu zake zenye plagi ya ISO mara nyingi hizi mbili zimebadilishana nafasi, dalili yake ni kwamba ukizima gari redio inasahau kila kitu.

Na huo wa bluu usiuache unaning'inia hivi hivi. Magari mengine antena iko kwenye kioo cha nyuma na ina kikuza mawimbi kinachotaka umeme kupitia huo waya. Usipounga utasema redio mpya ni mbovu haishiki.

fyuzi30
Kuunga nako kukoje, mi natumia vile vibanio vya bluu vya plastiki unabana na plaiza vinatoboa waya vyenyewe. Dakika mbili umemaliza.

mzee wa spana
Hivyo ndo vinanilisha mimi kijana wangu, endelea navyo 😀

mleta uzi
😂😂 Umejibiwa. Vinakata nyuzi za ndani ya waya na vinaingiza unyevu, baada ya muda unaanza kupata redio inayozima kwenye matuta. Nunua plagi ya kubadilishia ya gari lako, upande mmoja inaingia kwenye soketi ya gari na upande wa pili ina waya wazi, ziunge na waya za redio mezani ukiwa umekaa vizuri. Hukati hata waya mmoja wa gari na siku ukitaka kurudisha redio ya zamani unachomoa tu.

Solda au kubana, vyote sawa ukivifanya vizuri. Mi nabana na teminali nzuri halafu navalisha mrija wa kusinyaa kwa moto. Solda inafanya waya ugande pale ilipoishia na mtikisiko unaukatia hapo hapo, kwa hiyo ukipiga solda ufunge na kibanio usicheze cheze.

Haya sasa tuje kwenye milango, na hapa ndo nataka watu wasome taratibu.

Spika ikisukuma hewa mbele, nyuma inavuta. Hewa ya nyuma ikipata njia ya kuja mbele zinauana, na zinazouana zaidi ni sauti za chini, yaani ule mdundo. Ndo maana spika iliyoshikwa mkononi haina besi kabisa, iweke kwenye boksi ghafla inakuwa mtu. Kwenye gari boksi la spika ni mlango. Sasa fungua mlango wa gari la zamani uangalie, ni bati lenye matundu makubwa kila mahali yaliyofunikwa na nailoni iliyochanika. Hilo ni boksi? Unabadilisha spika mara tatu na unalalamika hazina besi wakati hewa inazunguka kupitia tundu la ukubwa wa kitabu.

Kazi iko hivi. Toa kava la ndani, tafuta skrubu zilizofichwa nyuma ya kishikio na chini ya kitasa, zilizobaki ni klipu za plastiki. Za zamani zitakatika, nunua za akiba kabla. Toa nailoni na ile gundi nyeusi yake, inatesa kidogo. Safisha bati kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe, kwenye mafuta au vumbi hakuna kinachoshika.

Halafu mkeka wa kuua mtetemo, ule wa butili wenye foili juu. Sio lami ya kuzibia mapaa! Lami inanuka gari likiwa juani, inalainika na inateleza inaishia chini ya mlango, na ukiipaka kuitoa ni kilio. Butili ibandike kwenye bati la nje kwanza, kwa kuingiza mkono kwenye matundu, nyuma ya spika pale pale anza napo. Watu wanadhani lazima ujaze bati lote, hapana, robo ya eneo mpaka theluthi inatosha kuua mlio, igonge kwa kidole kabla na baada utasikia kwa masikio yako. Kandamiza na rola mpaka ile michoro ya foili ilale.

Kisha bati la ndani, hapa sasa unaziba matundu. Makubwa yanataka kitu kigumu, kipande cha bati la alumini au plastiki ngumu kilichofungwa kwa skrubu, butili peke yake kwenye tundu kubwa itapumua na spika. Yale ya kufikia mashine ya kioo yafunge kwa skrubu sio kwa gundi, kuna siku kioo kitagoma. Na tafadhali sana, matundu madogo chini kabisa ya mlango YAACHE WAZI. Maji ya mvua yanapita kwenye mpira wa kioo yanaingia ndani ya mlango, hiyo ndo njia yake ya kutoka, ukiziba unafuga kutu.

mpya hapa
Duh kumbe mlango unaingia maji kila siku. Na spika haiozi?

mleta uzi
Ndo inavyooza sasa. Kwa hiyo kwanza usiweke spika ya koni ya karatasi tupu mlangoni, chukua ya polipropilini au karatasi iliyopakwa. Pili, pete ya kushikia spika. Magari ya zamani tundu lina umbo lake la ajabu, spika ya inchi 6.5 haikai, kwa hiyo unachonga pete. MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) inachongeka vizuri ila ikinywa maji inavimba kama huijui, ipake rangi ya mafuta au rezini pande zote mpaka ndani ya matundu ya skrubu. Plaiwudi nzuri ni bora zaidi na plastiki ngumu ndo haina stori kabisa.

Kabla hujakata chochote shusha kioo mpaka chini kabisa na upime kina kutoka kwenye bati mpaka kwenye kioo. Sumaku ya spika isipopata nafasi, kioo kitagota njiani na hapo umeshatoboa.

Ukishafunga, zungushia mpira wa sponji mbele ya spika ukutane na kava la ndani, vinginevyo nusu ya sauti inaishia katikati ya bati na kava na kava linaanza kupiga makofi.

Spika za kuchagua: koaksio, ile yenye twita (kispika kidogo cha sauti kali) katikati, ni rahisi kufunga na inafaa. Seti ya vipande, twita mbali na krosova yake (kigawa sauti kali na nene), ni bora ukiwa na pa kuweka twita juu, karibu na kioo cha pembeni. Za nyuma ziache kwanza. Kweli kabisa, gari la watu wawili mbele halihitaji spika nne mpya, hela ya nyuma ipeleke mbele.

besi_ya_chini
Sawa nimekuelewa kwenye milango ila bila sabufa mi sipandi hilo gari. Ampli ya chaneli 4 RMS 75 kila chaneli, mbili za mbele ziende milangoni, mbili za nyuma niziunganishe zipige sabufa. Waya wa namba ngapi?

mleta uzi
Mpango mzuri kuliko nilivyotegemea kwako 😀 Piga hesabu: 75 mara 4 ni wati 300. Ampli haili umeme sawa na inachotoa, nyingine inageuka joto. Ya daraja D (aina ya ampli isiyopoteza umeme mwingi) inageuza kama asilimia 80 kuwa sauti, kwa hiyo 300 gawa kwa 0.8 ni 375, gawa kwa volti 13.8 ni ampea 27. Ya daraja AB, inayopoteza zaidi, chukua asilimia 55, inakuja ampea 40 hivi. Kwa urefu wa kutoka betri mpaka buti, D waya wa shaba wa milimita za mraba 10 unatosha vizuri, AB panda 16.

Ila angalia ukiunganisha chaneli mbili kuwa moja, ampli nyingi zinataka sabufa isipungue ohm 4 hapo. Sabufa yenye koili mbili za ohm 4, ukizifunga sambamba zinakuwa ohm 2, ukizifunga kwa mfuatano zinakuwa 8. Kwa mpango wako wa ohm 4 chukua ya koili moja ya 4 au koili mbili za 2 kwa mfuatano.

mzee wa spana
Na ukinunua huo waya kwangua kidogo kwa kisu. Siku hizi kuna alumini iliyopakwa shaba juu, unaonekana mnene unavutia, ukikwangua ndani ni rangi ya fedha. Alumini inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba, kwa hiyo waya wa aina hiyo panda saizi moja au mbili. Usichanganye na shaba iliyopakwa bati, ile ni rangi ya fedha nje na nyekundu ndani, hiyo ni nzuri kuliko zote.

Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45. Watu wanadhani fyuzi inalinda ampli, inalinda waya. Waya ukichubuka njiani ukagusa bodi, bila fyuzi pale mwanzo betri yote inajimwaga humo na gari linawaka moto. Ukiiweka fyuzi nyuma karibu na ampli umejidanganya, mita 4 za waya hazina ulinzi. Na ukipitisha kwenye bati la injini lazima kuwe na mpira kwenye tundu, bati lina makali.

mleta uzi
Niongezee ethi hapo. Waya wa ethi wa ampli saizi sawa na wa chanya, mfupi usizidi nusu mita, ufungwe kwenye bati la bodi lililopigwa msasa mpaka ling'ae. Sio skrubu ya mkanda wala ya kiti, na sio juu ya rangi. Ukimaliza paka rangi au grisi juu yake kutu isirudi.

fyuzi30
Wakuu nimefunga ampli, kila kitu kinapiga ila kuna mluzi unapanda nikikanyaga mafuta. Nimeambiwa ninunue kichujio cha kuondoa kelele.

mleta uzi
Usinunue bado, kichujio kinaficha ugonjwa. Huo mluzi unaofuata injini ni wa alternata na unaingia kupitia tofauti ya ethi. Gari likiwa linawaka chomoa nyaya za RCA, zile zinazoleta sauti kutoka kwenye redio, kwenye ampli. Mluzi ukibaki, shida iko kwenye ampli na ethi yake, rudi kwenye msasa. Ukitoweka, shida iko mbele, kwenye redio au kwenye RCA zenyewe. Hapo toa ethi ya redio kwenye waya wa zamani wa gari uifunge moja kwa moja kwenye bati nyuma ya dashibodi, mara nyingi unaishia hapo. RCA umezipitisha upande gani?

fyuzi30
Upande mmoja na waya wa betri, nilizifunga pamoja na vibanio zikakaa vizuri kabisa 😅

mzee wa spana
Zilikaa vizuri kweli. Umeme upande mmoja, RCA upande mwingine wa gari, zikilazimika kukutana zikutane kwa msalaba.

Na kama sio mluzi bali ni tik tik tik inayofuata injini, hiyo ni ya plagi za moto. Magari ya zamani wengine waliweka plagi zisizo na kizuizi (resista ya kuzima kelele). Kwenye plagi za NGK angalia herufi R, BPR6ES ina kizuizi, BP6ES haina. Na waya za koili ziwe za aina ya kuzuia kelele.

fyuzi30
Nimehamisha RCA na nimeshusha ethi ya redio kwenye bati. Kimya. Asanteni sana.

besi_ya_chini
Taa zangu zinapepesa na mdundo, nafunga kapasita ya faradi 1 yaishe?

mleta uzi
Haiishi mkuu. Kapasita haitengenezi umeme, inachukua kwenye alternata ile ile. Gari nyingi za zamani alternata ni ya ampea 40 mpaka 60 na hiyo ni injini ikiwa inazunguka kasi, ukiwa umesimama inatoa pungufu. Taa za mbele mbili peke yake ni ampea 9 hivi, ongeza feni na waipa, inayobaki kwa sabufa ni kidogo. Kwanza badilisha waya mnene unaotoka alternata kwenda betri, wa hasi ya betri kwenda bodini na wa bodi kwenda injini, hizo tatu kwenye gari la umri huo zimeshakula kutu ndani. Pima betri pia. Baada ya hapo ndo tuongee habari za alternata kubwa.

Na geini, ile nobu kwenye ampli, umeiweka wapi?

besi_ya_chini
Mwisho. Si ndo sauti?

mleta uzi
Sio sauti hiyo mkuu! Geini inalinganisha nguvu ya redio na ampli, ukiipeleka mwisho unapiga sauti iliyokatwa kichwa na hiyo ndo inayounguza koili za spika. Fanya hivi: toa waya za spika kwenye ampli, ikwalaiza yote sifuri, zima kikuza besi, redio iweke robo tatu ya sauti yake. Piga toni ya 1 kHz ya desibeli sifuri, kwa sabufa piga ya 50 Hz. Multimita kwenye volti za AC, kwenye matundu ya spika. Volti unayoitaka ni kipeuo cha pili cha wati mara ohm. Kwa wati 75 na ohm 4 ni kipeuo cha pili cha 300, yaani volti 17.3. Pandisha geini pole pole mpaka isome hapo na uache, usiguse tena. Kwa ile iliyounganishwa tumia RMS ya kuunganisha iliyoandikwa kwenye karatasi ya ampli.

Kisha HPF (inayokata sauti za chini) ya milangoni iweke 80 Hz, LPF (inayokata sauti za juu) ya sabufa 80 hapo hapo. Milango ikiachiwa besi ya chini utasikia zinapumua, zikikatwa hapo zinakuwa safi na unaweza kuzipandisha zaidi.

mpya hapa
Nimefunga za mbele tu kama ulivyosema, butili nimeweka, matundu nimeziba. Sauti kali ziko vizuri sana ila besi hamna kabisa, nikigeuza balansi upande mmoja inakuja.

mleta uzi
Umegeuza chanya na hasi kwenye spika moja. Moja inasukuma nyingine inavuta, zinauana katikati. Chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha chanya kwenye chanya ya spika sekunde moja tu, koni itoke nje. Inayoingia ndani ndo uliyogeuza.

mpya hapa
Ni ya kulia. Nimegeuza. Aisee hili ni gari lingine, na redio ni ile ile ya zamani.

besi_ya_chini
Geini nimeshusha, taa zimetulia kidogo. Nimebakiza betri, nikilaza gari siku mbili linagoma. Nimetoa hadi ampli na bado.

mzee wa spana
Funga milango, toa ufunguo, toa teminali ya hasi, multimita kwenye ampea 10 katikati ya teminali na betri. Usiwashe gari wala kitu chochote multimita ikiwa hapo. Subiri itulie, isizidi miliampea 50. Ikizidi chomoa fyuzi moja moja mpaka ishuke.

besi_ya_chini
Inasoma ampea 0.44. Nimechomoa fyuzi ya taa za ndani imeshuka mpaka 0.03.

mzee wa spana
Angalia taa ya buti. Ulipotoboa kupitisha waya wa ampli umeikunja ile swichi, mlango wa buti ukifungwa taa haijui.

besi_ya_chini
Nimeingia kwenye buti nikafungiwa na jamaa kuangalia. Inawaka kweli. Swichi imelala upande.